Ligi ya Vikapu Ipelekwe Kwa Njenga

Uwanja mmoja wa kandanda, mita 105 kwa 68, una eneo sawa na viwanja 17 vya mpira wa vikapu. Cha vikapu ni mita 28 kwa 15, basi. Hata ukikiachia mita mbili kila upande ili mchezaji asijigonge ukutani, bado eneo hilo ni sawa na viwanja 11. Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda wa Nairobi ambako mabati yamesongamana hadi mwenye mkokoteni wa maji hupiga mbinja ili apishwe njia, hesabu hiyo ina uzito kuliko hotuba yoyote ya maendeleo ya michezo. Ardhi ya kandanda haipo na haitapatikana. Ya vikapu inaweza kupatikana katika ua wa shule, kando ya kanisa, au ndani ya godauni lililobaki tupu Industrial Area.

Kinachokosekana ni mtu wa kuleta ligi.

Mpira wa vikapu wa hadhi ya juu jijini Nairobi huchezwa katika ukumbi wa Nyayo, katika vyuo vikuu na katika viwanja vya taasisi. Wakazi wa Embakasi Kusini, eneo bunge lenye wadi za Kwa Njenga, Kwa Reuben, Pipeline, Kware na Imara Daima, husikia matokeo redioni ikiwa wana bahati. Halafu wakuu wa vilabu hushangaa kuona viti vitupu. Shabiki ambaye Jumapili yake inaanzia kanisani na kuishia kwenye kibanda cha kuonyesha kandanda ya Uingereza hatapanda matatu mbili kwenda kutazama timu ya benki ikimenyana na timu ya chuo. Timu zote mbili hazimhusu, na ratiba yenyewe huenda imebadilishwa usiku uliotangulia.

Vilabu vingi vilivyoibeba Ligi Kuu ya Shirikisho la Mpira wa Vikapu Kenya (KBF) kwa miaka mingi ni vya waajiri na vyuo. Kuna Mamlaka ya Bandari (KPA) kutoka Mombasa, Ulinzi Warriors ya wanajeshi, Equity Hawks kwa kina dada, Strathmore Blades, USIU na Zetech Sparks. Vilabu hivyo vinastahili heshima. Mwajiri ndiye aliyekuwa na basi, uwanja na mshahara, na chuo ndicho kilichokuwa na bweni na karo ya bure. Madina Okot, aliyejulikana katika vyuo vikuu vya Marekani kwa kuchezea Mississippi State na kisha South Carolina, alipitia Zetech. Bila mfumo huo Kenya isingekuwa na ligi ya kuzungumziwa.

Hata hivyo, mfumo huo umezaa ligi yenye wachezaji wengi kuliko mashabiki. Mtu hushangilia mtaa wake, shule yake au watu wa kwao. Ni nadra kushangilia mwajiri wa mtu mwingine. Katika kandanda, Gor Mahia na AFC Leopards zimevumilia madeni, migogoro ya uongozi na misimu ya aibu, na bado zina watu, kwa sababu watu wale hawakuzifuata kwa ajili ya fedha.

Nairobi City Thunder imeonyesha kwamba mambo yanaweza kugeuka haraka. Kampuni ya Twende Sports iliichukua klabu hiyo mwaka 2023, ikawalipa wachezaji, ikaleta makocha na kuzigeuza mechi kuwa tafrija zenye muziki. Mwaka 2024 Thunder ilikuwa bingwa wa Kenya. Mwisho wa mwaka huo ikafuzu kwa Ligi ya Vikapu ya Afrika (BAL), klabu ya kwanza kutoka nchi hii kufika huko, na Mei 2025 ikawa Kigali ikipambana na APR ya Rwanda na Al Ahli Tripoli ya Libya. Kabla ya hapo, furaha kubwa ya vikapu nchini ilikuwa ya timu ya taifa. Februari 2021 jijini Yaoundé, Tylor Ongwae alifunga bao la sekunde ya mwisho, Kenya ikailaza Angola 74-73 na kurudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Funzo la Thunder ni zuri, ila si kila klabu itapata mwekezaji. Tena mwekezaji mmoja ni nguzo moja. Wapenzi wa kandanda wanaukumbuka Januari 2018, kampuni ya kamari ya SportPesa ilipokatiza udhamini wake nchini kwa sababu ya kodi mpya ya kamari. Vilabu vilivyokuwa vikiishi kwa hundi moja vikaanza kutafuta nauli. Ligi ya nusu-malipo, ambayo wachezaji wake wana kazi nyingine mchana na hulipwa posho tu, haiwezi kujengwa juu ya hundi ya namna hiyo. Inahitaji watu walio karibu, wanaotoa kidogo na kurudi wiki inayofuata.

Mfano wa klabu ya namna hiyo hauko mbali. Mwaka 1987 lilianzishwa Shirika la Michezo la Vijana wa Mathare, MYSA, na mpango wake ulikuwa wa ajabu kwa wakati ule: timu ya watoto ilipata alama katika jedwali la ligi kwa kushinda mechi, na alama nyingine kwa kuzoa taka mtaani. Humo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994. Ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998 ikiwa bado nje ya ligi kuu, kisha ikawa bingwa wa Kenya mwaka 2008 chini ya kocha Francis Kimanzi, kijana aliyelelewa na shirika hilo hilo. Mathare haikusubiri uwanja wa kisasa. Ilianza na watoto waliokuwa wakijuana kwa majina, na wazazi waliokuwa wakiwaona wakicheza mlangoni pao.

Vikapu navyo vina mfano wake, upande wa pili wa Ziwa Victoria. Namuwongo ni mtaa wa mabanda mjini Kampala, umebanwa kati ya reli na eneo la viwanda, na mtu wa Kwa Njenga akishushwa pale atajiona kwao. Mtaa huo una klabu katika ligi ya daraja la juu ya vikapu nchini Uganda: Namuwongo Blazers. Humo ndani inakutana na City Oilers, timu iliyotwaa ubingwa kwa misimu mfululizo kuanzia 2013 na kuiwakilisha Uganda kwenye BAL mwaka 2023. Jina la mtaa limo katika jedwali la ligi, gazetini na midomoni mwa watangazaji. Kwa kijana wa Namuwongo, hilo si jambo dogo.

Eastlands ina klabu ya Umoja katika historia ya ligi ya Kenya, na viwanja vya saruji kuanzia Makadara hadi Buruburu vimewatoa wachezaji kwa miongo. Ila hakuna siku ambayo mkazi wa Kwa Njenga anaweza kusema kwa uhakika: leo ligi iko kwetu.

Hoja ya safu hii ni moja: ligi iupe mtaa nyumba na saa kabla ya kuupa kitu kingine chochote.

Nyumba maana yake ni kwamba kila klabu ya daraja la chini na la kati iwe na uwanja mmoja ulioandikwa jina lake, hata ukiwa wa saruji na hauna paa, na nusu ya mechi zake zichezwe hapo. Vilabu vya Ligi Kuu navyo vipangiwe angalau mzunguko mmoja wa wikendi katika mitaa ya Eastlands kila msimu. Huko Harlem, New York, mashindano aliyoyaanzisha Holcombe Rucker mwaka 1950 yalifika mahali ambapo nyota wa kulipwa kama Wilt Chamberlain na Julius Erving walikwenda kucheza katika uwanja wa wazi wa mtaa, watu wakipanda miti na mapaa ili waone. Ni nyota waliowafuata watu mtaani. Ulinzi Warriors wakishuka Kwa Njenga mara moja kwa mwaka, kijana wa gredi ya nane ataongea habari hiyo hadi likizo ya Desemba.

Saa ndiyo yenye ubishi. Ligi nyingi ndogo hupanga mechi kwa kuangalia refa yuko wapi na uwanja uko wazi lini. Shabiki huja mwisho, na ndiye anayepotea. Hebu ratiba ipangwe kwa kumwangalia yeye. Jumamosi wafanyakazi wengi wa viwandani bado wako kazini hadi mchana, na jioni kandanda ya Uingereza huanza saa kumi na moja au saa kumi na mbili, kutegemea msimu wa saa za kule. Jumapili asubuhi ni ya kanisa. Mechi ya kwanza ya Uingereza siku hiyo huanza saa kumi au saa kumi na moja kwa saa za Nairobi. Linabaki pengo la wazi: Jumapili, saa sita hadi saa kumi. Mechi ya vikapu, robo nne za dakika kumi kumi pamoja na mapumziko, huchukua karibu saa moja na nusu hadi mbili. Mechi ya kina dada saa sita, ya wanaume saa nane, na mtazamaji anafika kwenye kibanda chake cha kandanda kabla mpira haujawekwa katikati. Watu wale wale hulipa kuingia kibandani kutazama Arsenal na Manchester United kwenye televisheni, kwa hiyo dai kwamba mtu wa mabanda halipii michezo halina msingi.

Saa hiyo ikishatangazwa, isiguswe. Kuahirisha mechi kwa ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku kumeua mashabiki wengi kuliko kufungwa. Kanuni iwe kavu: klabu ya nyumbani isiyokuwa tayari uwanjani kwa muda uliotangazwa ipoteze mechi, na shirikisho likiahirisha lenyewe lilipe nauli ya wageni.

Kuhusu fedha, watu hupenda kuanza na mamilioni. Chukua mashabiki 300 wanaolipa sh50 kila mmoja kwa M-Pesa langoni. Hiyo ni sh15,000 kwa Jumapili moja. Hakuna mshahara wa mchezaji hapo. Lakini tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na mchango wa chini kwa asiye na ajira rasmi ni sh300 kwa mwezi, sh3,600 kwa mwaka. Wachezaji 12 ni sh43,200. Kwa maneno mengine, Jumapili tatu za nyumbani zinalipa bima ya mwaka mzima ya kikosi chote pamoja na familia zao. Mchezaji wa nusu-malipo anayefanya kibarua cha mjengo akiteguka kifundo cha mguu hapotezi mechi tu, anapoteza unga wa nyumbani. Klabu inayomtibu itampata mazoezini hata mwezi ambao posho imechelewa.

Mapato mengine yako nje ya lango. Mama wa viazi karai, kijana wa smokie na mayai, na mwenye kibanda cha chai hawahitaji kufukuzwa ili uwanja uonekane wa heshima. Wapewe nafasi zao kwa ada ndogo inayojulikana, na wao ndio watakaowatangazia watu mechi kuanzia Jumatano. Nao wenye viwanda vya Enterprise Road na Lunga Lunga, ambao wafanyakazi wao hulala Kwa Njenga na hutembea kwa miguu alfajiri kwenda zamu, hawajaombwa kitu cha maana. Kuombwa ufadhili wa jezi ni jambo moja. Kuombwa godauni tupu kwa saa nne kila Jumapili wakati wa mvua za Machi hadi Mei ni jambo jingine, rahisi kwao na kubwa kwa ligi.

Sehemu ngumu kweli ni ardhi, na hapa uchangamfu wote unapaswa kupunguzwa. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru yote, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji na wataalamu wakakaa kuchora barabara, maji na shule za mtaa wenye kaya zaidi ya 100,000. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa 2021, matingatinga yalibomoa sehemu kubwa ya Kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yakapiga kingo za Mto Ngong, na nyumba zilizobaki karibu na maji zikabomolewa. Anayetaka kujenga uwanja wa vikapu katika mtaa huo lazima akubali kwamba nafasi yoyote iliyo wazi ina mtu aliyefukuzwa hapo, au anayesubiri kurudi.

Ndiyo maana uwanja uanzie shuleni. Ua wa shule una ukuta, una msimamizi, na hauwezi kuporwa usiku mmoja. Mchana ni wa wanafunzi, Jumapili ni wa ligi. Hazina ya maendeleo ya eneo bunge hujenga madarasa shuleni, na kumwaga zege la mita 32 kwa 19 na kusimika milingoti miwili ni kazi ya fundi wa kawaida. Pete iwe mita 3.05 kutoka chini, si "karibu hapo", kwa sababu mtoto aliyejifunzia kwenye pete iliyoinama hulipia kosa hilo maisha yake yote ya mchezo. Taa za mulika mwizi zimekwisha simama mitaani. Uwanja uliopangwa chini ya mojawapo unapata mazoezi ya jioni bila bili ya ziada.

Wafilipino wameenda mbali zaidi. Kule karibu kila kata ndogo, barangay, ina uwanja wake wa vikapu, vingi vikiwa na paa, na ukumbi huo huo ndio wa harusi, wa mikutano na wa kuwahifadhi watu kimbunga kikipiga. Mukuru ya Mei 2024 ilihitaji sana paa la namna hiyo.

Kuna kazi moja isiyo na mvuto ambayo ligi ndogo huidharau, nayo ni meza ya kuandikia alama. Karatasi ya FIBA, shirikisho la vikapu la dunia, ni ndefu na ina utaratibu wake. Bao la pointi mbili huchorewa mstari wa mshazari juu ya nambari, mtupo huru hutiwa nukta nene, na la pointi tatu nambari ya aliyefunga huzungushiwa duara. Robo ikiisha, rangi ya kalamu hubadilika. Binti mmoja makini aliyefunzwa kwa wikendi mbili anaweza kuiandika bila kosa, na karatasi hiyo ndiyo hati pekee itakayomwambia kocha wa chuo kikuu kwamba kijana fulani wa Kwa Njenga alifunga pointi 18 na kufanya makosa mawili tu. Bila hiyo, kipaji ni masimulizi ya mtaani. Vilevile ndiyo inayozima ugomvi. Mashabiki wakianza kupiga kelele kwamba wameibiwa, karatasi iliyotiwa saini na refa hufunga mjadala haraka kuliko askari watatu.

Marefa walipwe siku hiyo hiyo kwa simu, fedha zikiwekwa na vilabu vyote viwili kabla ya mpira kurushwa. Hapana haja ya kurefusha jambo hilo.

Watakaopinga mpango huu wana hoja, na mbili zina uzito. Ya kwanza ni hali ya viwanja: saruji huumiza magoti, na klabu inayojiandaa kwa mashindano ya Afrika haitaki nyota wake ateleze juu ya mchanga. Hoja hii inakubalika, na ndiyo sababu safu hii inaomba mzunguko mmoja kwa mwaka kwa timu za juu, si msimu mzima. Ya pili ni usalama. Hapa lazima isemwe wazi kwamba watu 300 waliokusanyika mchana kweupe katika ua wa shule yenye mlango mmoja si hatari kubwa kuliko mkutano wa siasa, na mikutano ya siasa hufanyika Mukuru.

Hoja ya tatu, kwamba vikapu ni mchezo wa watoto wa shule za kulipia, haistahili jibu refu. Umekuwa hivyo kwa sababu huko ndiko pete zilikofungwa. Mahali pasipo na nafasi ya uwanja kamili kuna mchezo wa watatu kwa watatu, unaohitaji pete moja na nusu uwanja, dakika kumi au pointi 21. Kenya iliucheza katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022, wanaume na wanawake. Ligi ya watoto ya aina hiyo, vijiji vya Vietnam, Sisal, Riara na Wape Wape vikishindana kati ya mechi mbili za wakubwa, ingejaza mapumziko kuliko muziki wowote, na kila mtoto angekuja na mzazi mmoja.

Vilabu navyo vina wajibu wao. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inavitaka visajiliwe kwa Msajili wa Michezo, viwe na katiba na uchaguzi. Klabu isiyosajiliwa haiwezi kufungua akaunti kwa jina lake wala kumwendea mfadhili na uso mkavu. Mapato ya lango yabandikwe ukutani Jumatatu, na kila mchezaji awe na mkataba wa karatasi moja unaosema nauli ni kiasi gani, akiumia nani anamtibu, na klabu ikipata zawadi yeye anapata sehemu gani. Timu nyingi za mtaani huvunjika kwa ugomvi wa fedha ndogo ambazo hakuna aliyeziandika.

Mwaka 2024 serikali ilianza kujenga uwanja wa Talanta wenye viti 60,000 kando ya Barabara ya Ngong, kwa ajili ya kandanda ya mataifa ya Afrika ya 2027. Ni vizuri. Kinachoombwa hapa hakifiki hata gharama ya lango lake moja. KBF iandike katika ratiba ya msimu ujao mzunguko mmoja wa Ligi Kuu utakaochezwa Embakasi Kusini, kaunti itoe kibali cha ua wa shule moja Kwa Njenga, na tarehe itangazwe miezi mitatu mapema bila kuguswa tena. Jumapili, mechi ya kina dada saa sita, ya wanaume saa nane, kiingilio sh50.